Dole Gumba

Theluji inadondoka,
soko halijafunguka,
nami tayari nafika
kwenye sala, kanisani.

Watu kumi, wazee tu;
viatu, makoti yetu
yanuka chumvi na kutu
hapa Daegu sokoni.

Gwirye ndilo langu jina;
dagaa kila aina
napima tangu ujana
kwa gramu, kwenye mizani.

Dole hili, dole gumba,
lililokunjwa kuomba,
ndilo lilojenga nyumba
kwa kulalia sahani.

Si sana, gramu kidogo,
uzito wa jani dogo,
akigeuza kisogo
mnunuzi wa jioni.

Haba na haba, kibaba;
nami kwa wizi wa haba
nilijaza hata saba,
nikavifunga ghalani.

Nilianza mume wangu
alipolazwa, na fungu
la deni likawa rungu
la kunipiga kichwani.

Mume tulimsitiri,
deni likawa sifuri,
dole halina habari:
lilibakia kazini.

Na fungu la kumi, jama,
nililitoa daima,
noti nzima, noti njema,
kwa bahasha ya kijani.

Wakikemewa walevi,
wa kamari na wagomvi,
natikisa zangu mvi:
"Amina!" toka moyoni.

Manho, mzee mpole,
fimbo, na goti la kale,
hununua vilevile,
gramu mia za supuni.

Juzi akaja, baridi
ikauma, ikazidi,
kaweka kama zawadi
furushi pale mezani.

"Hii," kasema, "ya mke
wangu. Hayuko. Ishike.
Naenda kwa binti yake
huko Pohang, ufukweni.

"Mizani ya nyumba yetu
ilipima dagaa tu,
haikutuficha kitu:
gramu mia, themanini.

"Mke wangu alijua,
na bado akanunua.
'Mzigo atautua
iko siku, we amini.'

"Alikutaja kwa sala
kila kabla ya kulala,
si kwa chuki, si kwa hila,
kama dada wa nyumbani."

Angenipiga kwa fimbo
ningezua mengi mambo,
uongo wenye mapambo
na kiapo midomoni.

Ila hili la huruma
lilipasua mtima;
nikashindwa kusimama,
nikaketi sakafuni.

Nikasema: "Bwana Yesu,
sikuja kwako na kisu,
nimekuibia nusu
kwa dole la ibadani.

"Chako kiganja cha damu
hakikunipunja gramu;
kilinipimia humu
hadi kumwagika chini."

Msidhani palepale
likafa dole la kale;
kesho yake, polepole,
lilirudi sahanini.

Mteja wa kwanza, binti,
mwanafunzi mwenye koti;
nikaona, kwa bahati,
gumba langu safarini!

Nikalikunja haraka,
vidole vikalishika,
na jasho likanitoka
japo theluji njiani.

Jumatano likashinda,
gramu tano likawinda;
kwa mteja nikaenda
kumfidia njiani.

Sasa wote waniona
napima, ngumi nabana;
waulizana vijana:
"Baridi ya vidoleni?"

Nami hujibu, "Ni kweli,
ugonjwa wangu mkali;
dawa yake naisali
kila kukicha, gizani."

Mizani yake mzee
nimeiweka, ikae,
mteja aitumie
akiwa na shaka ndani.

Deni hili lingaliko;
sijui wote waliko.
Natoa konzi: ni yako,
wewe uliye foleni.

Na kwa Manho nimetuma
mfuko wa kilo nzima;
akajibu: "Nimepima."
Neno moja, baruani.

Nilicheka, nikalia.
Alfajiri nawahia;
dole lanitumbulia
macho, tukiwa gotini.